Kumtembeza Kaka Nassor Jangwa la Amerika

Nilikuwa nimechoka kabla sijafunga sanduku. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asinitarajie niruke kwa furaha mbele ya kila jiwe. Mama yetu alifariki mwanzoni mwa mwaka baada ya kuugua muda mrefu, na mimi ndiye niliyemuuguza, nyumbani kwangu Bawshar, tangu nilipostaafu kusomesha jografia. Nilizoea kulala vipande vipande, sikio moja liko macho. Mama alipoondoka nikadhani sasa nitalala. Sikulala. Nikawa nakaa sebuleni nasikiliza kiyoyozi.

Ndipo ikaja khabari ya Kaka Nassor. Huyu ndiye kaka yetu mkubwa. Alizaliwa Unguja kama sisi sote, akaja Muscat kijana, akakaa miaka michache tu, kisha akaenda zake Amerika na hakurudi ila kwa harusi na mazishi. Huko alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, makaazi yake Phoenix, katika jimbo la Arizona. Mkewe waliachana zamani, na watoto hawakujaaliwa. Sasa daktari amemwambia kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uoni wake, na hicho kilichobaki nacho kitakwenda. Leseni ya kuendesha alishairudisha mwenyewe.

Dada yetu mkubwa, Shariffa, akatuita nyumbani kwake. Kahawa haijapoa, uamuzi umeshatoka: Nassor arudi Muscat, na wa kwenda kumchukua ni mimi. "Wewe huna mume wala mtoto mdogo," alisema Dada Shariffa. "Na Nassor hamsikilizi mtu ila wewe." Mwanawe, Said, akaongeza kwamba nyumbani kwangu chumba kipo, kile cha Mama. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikusema neno. Nilikuwa nimechoka hata kukataa.

Nilipompigia Nassor kumwambia nakwenda kumtembelea, alifurahi mpaka nikaona haya.

"Unakuja kwa wakati wake," alisema. "Nna kazi na wewe. Mie miaka yote hii napita njia hizi na mzigo nyuma, na mzigo una saa yake. Sikusimama pahala. Kuna vitu navijua kwa vibao vyake tu vya barabarani. Nataka nikavitazame, maadamu bado natazama. Wewe utaendesha."

Nikamwambia inshallah. Nilichotumwa sikumwambia.

Kutoka Muscat hadi Phoenix ni kukaa, kusimama foleni, na kukaa tena. Nilibadilisha ndege mara mbili, na kila uwanja ulikuwa na baridi ya namna yake. Nilipofika, miguu imevimba, Nassor alikuwa kwenye mlango wa kutokea, amevaa kofia yake ya kazi, anatazama upande sio. Nilisimama karibu naye kabisa, kidogo kwa ubavuni, hakuniona. Nikamwita. Akageuza kichwa polepole mpaka nikaingia kwenye lile tundu alilobaki nalo, kisha uso wake wote ukacheka.

Ndivyo yalivyo macho yake. Cha katikati anakiona, hata kikiwa mbali; cha pembeni hakipo. Anaweza kukusomea kibao cha dukani ng'ambo ya barabara na huku anajikwaa kwenye kiti kilicho mbele ya goti lake.

Phoenix, nyumbani kwake, nilipumzika kidogo. Ni fleti ndogo ya chini, na jirani wa mlango wa pili ni Msomali mmoja wa Kismayu, Abdi, dereva mwenziwe wa zamani. Ndani ya fleti ile Nassor alikuwa mtu mwengine. Alichukua vikombe bila ya kutazama, akamimina chai bila ya kumwaga, akapita baina ya meza na ukuta kama mtu mwenye macho mazima. Nilishangaa, lakini sikulitia maanani. Nilikuwa nafikiria nitaanzaje kumwambia.

Asubuhi tulipoondoka Phoenix, Abdi alitujazia gari maji na sambusa, akanifunga mkanda kama mtoto. "Dada, usikimbize," aliniambia. "Huyu atakwambia kimbiza. Usimsikilize."

Tulielekea magharibi. Ilikuwa Novemba, jua la kuvumilika, na kushoto na kulia jangwa limejaa ile mipungate mirefu ya miiba, yenye mikono. Mimi ni mtu wa Oman. Jangwa halinitishi wala halinipendezi sana. Lakini Nassor alikuwa akilitaja kama mtu anayetaja majirani. Hapa pana mteremko, tia breki kabla. Hapa upepo unapiga kutoka kushoto. Alikuwa ameyafumba macho, anasikiliza injini.

Kituo cha kwanza kilikuwa mji mdogo unaoitwa Quartzsite, karibu na mpaka wa California. Wakati wa baridi unajaa wazee wanaoishi ndani ya magari yao makubwa. Nassor akaniongoza hadi makaburini, na pale katikati ya misalaba kuna kaburi moja lililojengwa kwa mawe ya rangi rangi, limechongoka juu kama piramidi, na kileleni amesimama ngamia wa shaba.

Ngamia! Nilisimama nikamtazama huku nimejishika kiuno.

Aliyelala pale ni mtu wa nchi za Sham. Katika karne ya kumi na tisa jeshi la Amerika liliagiza ngamia kutoka ng'ambo, likidhani ndio dawa ya jangwa hili, na pamoja na ngamia wakaletwa watu wanaowajua. Mpango wenyewe haukudumu. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, reli ikaja, ngamia wengine wakauzwa na wengine wakaachiliwa porini. Yule bwana akabaki. Jina lake lilikuwa zito midomoni mwa Waamerika, wakalikata, wakaligeuza jina jengine kabisa, na ndilo walilomuandikia.

"Unaona uwanja ule?" Nassor alinyoosha kidole barabarani, kwenye malori yaliyojipanga. "Pale nilikuwa nikilaza lori. Nasikia kuna Mwislamu kazikwa hapa. Miaka yote hiyo, Zuwena, sikuvuka barabara kuja kumsomea Fatiha."

Tukamsomea. Mzee mmoja wa Kiamerika, aliyekuwa akitembeza kijibwa chake nje ya ukuta, alisimama akavua kofia. Tulipomaliza akauliza kwa upole kama sisi ni jamaa zake marehemu.

"Kwa mbali," Nassor akamjibu.

Yule mzee alitikisa kichwa kwa heshima. "Mimi nakuja hapa kila baridi," alisema. "Watu wanapiga picha. Sijaona mtu kumuombea."

Tukiwa garini nikamuuliza Nassor, kwa nini unadhani hakurudi kwao? Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia mazungumzo yangu. Nassor akapandisha mabega tu. "Labda alikuwa ameshajua maji yako wapi," alisema, akafungua sambusa.

Baada ya adhuhuri tulivuka Mto Colorado na kuingia California, tukashika njia ya kaskazini kutoka Blythe. Kile tulichokifuata hakina jengo wala mlango. Ni michoro juu ya ardhi. Watu wa kale wa nchi ile walikwangua changarawe nyeusi ya juu mpaka udongo mweupe wa chini ukatokea, wakachora mwanadamu aliyetanua mikono, na mnyama wa miguu minne, wakubwa kiasi kwamba walioishi jirani nao hawakujua kuwa ni picha mpaka rubani alipowaona kutoka angani. Siku hizi wamezungushiwa uzio wa chuma, na njia ya kufikia ni vumbi na mashimo.

Nilisimamisha gari. Upepo mkavu, jua la mchana, na mbele yangu uzio na mistari myeupe isiyoeleweka. Nilihisi kudanganywa. Nilitamani kulala pale pale kwenye usukani.

"Naona mstari," alisema Nassor, pua yake kwenye chuma. "Huu ni mkono au mguu?"

"Hata mimi sijui, Kaka."

"Basi zunguka. Ukifika kichwani niite."

Nikazunguka. Nilipofika pahala penye duara nikaita, "Nipo kichwani!" Akageuka kuifuata sauti. Nikatembea tena, jua linanipiga shingoni, nikaita, "Bega la kulia!" Kisha, "Ncha ya mkono!" Nilitembea muda mpaka nikafika miguuni, na kutoka huko ilibidi nipige kelele kweli kweli. Nikamsikia anacheka kwa mbali. Alikuwa ameupata ukubwa wake kwa sauti yangu. Nami, koo limenikauka na viatu vimejaa vijiwe, nikacheka pia, na nikakumbuka kwamba sijacheka hivyo tangu Mama alale kitandani.

Kesho yake ilikuwa siku ya barabara tu. Tulipanda kaskazini, kisha mashariki, Kingman, Flagstaff, misonobari, kisha tena uwanda mtupu, hadi kuingia jimbo la New Mexico. Mwamerika anaita safari hii nzuri. Mimi mgongo uliniuma kuanzia kiunoni hadi kisogoni, na tulipofika Gallup nilishuka garini nimejikunja, Nassor akinishika mkono, kila mmoja anamuongoza mwenziwe vibaya. Tulilala bila ya kula.

El Morro ndipo nilipoanza kuelewa kaka yangu anatafuta nini. Ni jabali la mchanga mgumu, rangi ya ufuta uliokaangwa, limesimama peke yake kwenye uwanda, na chini yake kuna dimbwi la maji ya mvua lisilokauka. Kwa sababu ya maji hayo kila msafiri alilazimika kusimama hapo. Na kila aliyesimama alichonga jina lake ukutani. Wenyeji wa kale walichonga kondoo wa milimani na viganja. Wahispania waliandika kwa mwandiko wa kujipamba kwamba fulani alipita hapa. Halafu wanajeshi wa Kiamerika, wapimaji wa njia, wahamiaji na wake zao.

Mlinzi wa pale, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, alitembea nasi. Nassor akasogeza uso hadi karibu na jabali, anasoma herufi moja moja kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mkono wake ukapanda wenyewe.

"Tafadhali, bwana, usiguse," alisema yule mlinzi. "Jiwe hili ni laini. Mafuta ya vidole yanalila."

Nassor akaurudisha mkono haraka, akaona haya. Nikamueleza yule mama hali ya macho yake. Hakumruhusu kugusa, na hakuomba radhi kwa hilo, lakini aliacha kazi zake nyengine zote akasimama ubavuni mwake na kumsomea ukuta mzima, kila jina, akimueleza herufi imelala vipi na imechongwa kwa kina gani. Akatwambia pia kwamba msafara wa ngamia ulipita papa hapa, ukanywa maji haya, na baadhi ya waliokuwa nao wamo ukutani. Nilitafuta jina moja lililoandikwa kwa herufi zetu za Kiarabu. Sikuliona.

"Mimi nimepita njia kubwa iliyo kaskazini ya hapa mara zisizohesabika," Nassor alimwambia. "Sijaandika popote."

"Hata ungelitaka leo, singelikuruhusu," alisema yule mama, wote wawili wakacheka.

Mchana huo huo, tukiwa njiani kuelekea kaskazini, simu yangu ililia. Ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, nami nikabonyeza bila ya kufikiri. Ilikuwa sauti ya Said, yule mtoto wa dada, kutoka Muscat, ipo juu, imejaa garini.

"Khaloo Zuwena! Ameshakubali? Tikiti yake tumeshaikata, mnarudi pamoja. Mama anauliza, Mjomba Nassor ameshampa mwenye nyumba notisi ya fleti au bado?"

Nikaikata simu. Nilikuwa nimechelewa.

Nassor alivua kofia yake, akaiweka magotini, akageuza uso dirishani upande asioona. Niliendesha. Uwanda ukawa unapita, nyumba moja hapa, farasi wawili kule. Nilijaribu kusema, "Kaka, nilikuwa nataka kukwambia." Akainua kiganja.

Tulipofika Bisti, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Laiti ingelikuwa siku nyengine ningelisema ni pahala pa ajabu kuliko pote nilipowahi kupaona. Ardhi yake ni kama jivu la jiko kubwa lililozimika. Vilima vya kijivu na vyeusi, vyekundu kidogo kileleni, na baina yake mawe yaliyosimama juu ya shingo nyembamba kama uyoga, na magogo ya miti yaliyogeuka mawe, na mawe mviringo yaliyopasuka kama mayai. Hakuna njia iliyochorwa. Hakuna kibao. Unaacha gari kwenye kiwanja cha changarawe, unaingia kwa miguu yako.

Nassor alishuka akaingia. Hakunisubiri.

"Kaka, nishike mkono!"

"Nimezoea kwenda peke yangu," alisema bila ya kugeuka.

Nikamfuata. Alikuwa akikwenda kwa hasira, anajikwaa, anasimama, anakwenda tena, na mimi nyuma yake napiga maneno kwa mgongo wake. Nilimwambia kwamba ni Dada Shariffa aliyeamua. Nilimwambia kwamba yeye ni mkaidi. Nilimwambia kwamba Mama alikufa anamuulizia. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na sikupaswa kulisema pale. Akageuka ghafla kunijibu, mguu wake ukaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, akaanguka chini mzima mzima.

Niliteremka kwa makalio. Suruali ya Nassor imechanika, na muundi wake umechubuka vibaya, damu inachirizika hadi kwenye kiatu. Nilivua mtandio wangu wa juu nikamfunga. Mikono yangu ilijua la kufanya. Ilikuwa imefanya kazi hiyo miaka. Alinitazama kwa muda mrefu, kichwa chake kikisogea kidogo kidogo kunikusanya uso.

"Nani atakayeniangalia huko, Zuwena?" aliniuliza. Sauti yake haikuwa na hasira tena. "Shariffa? Said? Utaniangalia wewe. Umemuangalia Mama mpaka nakuona unatembea umejipinda. Mie naona kidogo, lakini hilo nimeliona tangu uwanja wa ndege."

Nikakaza fundo la mtandio.

"Na sikiliza jengine. Nyumba yako siijui gizani. Mlango wake sijui unafunguka upande gani. Mitaa ya Bawshar mie sikuijua, ilikuwa mchanga mtupu nilipoondoka. Mkinipeleka sasa nitakuwa kipofu mgeni. Phoenix nitakuwa kipofu mwenyeji. Najua choo kiko wapi, najua mashimo ya njia ya msikitini, najua sauti za watu. Abdi yupo. Si maisha ya raha, wallahi. Lakini najua vikombe vimewekwa wapi."

Nililia. Sikulia kwa uzuri. Nililia kwa makamasi, nimekaa kwenye lile jivu. Na ndani ya kilio kile, nasema kweli, kulikuwa na kitu kama pumzi. Nilikuwa nimeogopa asije akakubali. Niliibeba khofu hiyo tangu Muscat, naificha hata nisiione mwenyewe. Yeye akaiona.

Tuliposimama ndipo nilipogundua kwamba sijui gari liko wapi. Tulikuwa tumezunguka vilima tukigombana, na kila kilima ni sawa na mwenziwe. Simu haina mtandao. Nikapanda juu ya tuta, nikaona mawe mengine na mawe mengine. Baridi ya jangwa ilikuwa inashuka, na mtandio wangu upo mguuni mwa Nassor.

"Tuliingia jua likiwa wapi?" aliuliza kutoka chini, kwa utulivu wa dereva.

"Mgongoni," nikasema. "Lilikuwa mgongoni."

"Basi mwalimu wa jografia anasubiri nini?"

Tukalielekea jua. Tulikwenda polepole sana, yeye mkono begani kwangu, mimi macho nimeyafinya kwa mwanga, tukifuata mkondo mkavu pale ulipokwenda upande wetu na kuuacha ulipopinda. Nilimwambia kila hatua: inua, kuna jiwe, sasa ni mchanga. Tulipumzika mara nyingi. Mwisho nikaona waya wa uzio, kisha bati la gari linang'aa. Nikaegemea boneti.

Farmington, mji wa karibu, tuliingia kwenye moteli ya mwanzo yenye taa. Mwenye moteli alikuwa mama wa Kihindi, mzee, sari juu yake sweta. Alimuona Nassor anachechemea, akaona damu, akaanza kutoa maagizo kwa Kiingereza. Mimi nikamwambia Nassor kwa Kiswahili akae asije akamchafulia kiti.

Yule mama akasimama kama aliyepigwa na umeme.

"Nyinyi nasema Kiswahili?" aliuliza. "Mimi nazaliwa Mwanza! Baba yangu iko duka Mwanza!"

Basi tena. Alileta maji ya moto, akaosha kidonda mwenyewe, akakipaka manjano, huku anazungumza bila ya kituo, maneno yake yamekaa kabatini miaka, yanatoka na vumbi. Alitaka kusikia tu. Alituuliza bei ya samaki, kana kwamba sisi tunajua bei ya samaki Mwanza. Alileta chai ya maziwa na tangawizi, akakaa kututazama tunakunywa.

"Toka mzee wangu kufa," alisema, "hapana mtu ya kusema naye Kiswahili. Watoto nacheka mimi." Kisha akatuuliza: "Sasa nyinyi natoka wapi?"

"Huyu anatoka Muscat," alisema Nassor, akinionesha. "Mimi natoka Phoenix."

Yule mama akaliona jibu hilo ni la kawaida kabisa. Akamuongeza chai.

Kurudi Phoenix tulichukua njia ya milimani, na Nassor alilala kwa sehemu kubwa. Nilipompigia Dada Shariffa na kumwambia kwamba Nassor harudi, alikata simu. Akapiga tena baadae, akalia, akakata tena. Said alituma ujumbe mmoja tu kuhusu tikiti. Siku zilizobaki nilizitumia kwa mambo madogo. Mimi na Abdi tulibandika vipande vya mpira kwenye ngazi ya mlangoni na kwenye vifundo vya jiko, avijue kwa kugusa. Tulipanga nani atampeleka kliniki na nani atapita jioni. Abdi hakuahidi makubwa. "Nitakuja," alisema. "Nikiumwa, mwanangu atakuja." Nililiamini hilo kuliko ningelisikia maneno marefu.

Uwanja wa ndege Nassor alinishika uso kwa mikono miwili, kwa karibu sana, akautazama kipande kwa kipande, kidevu, pua, jicho moja, jicho la pili. Hakuwa na haraka. Watu walitupita na masanduku yao. Nikasimama nikatazamwa.

"Khalas," alisema. "Nenda."

Muscat niliwakuta wote wawili wamesimama penye mlango wa wanaofika, Dada Shariffa na Said. Nadhani mpaka dakika ile Dada alitumaini. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Nassor yuko wapi?" aliuliza, na hali anajua.

"Yuko kwake," nikasema.

Alinitazama kwa macho yenye machozi na ghadhabu, kisha akalichukua begi langu dogo kutoka begani, akalibeba yeye. Tulikwenda garini. Hajanisamehe bado, na huenda ana haki yake. Mtu hapendi kuambiwa kwamba nyumba aliyoiandaa si nyumba kwa kila mtu.

Sikurudi na hekima nyingi. Nilijifunza kwamba kumpenda mtu na kumuhamisha ni vitu viwili, na kwamba mimi nilikuwa nikitumwa kwa sababu sikuwa nikisema kitu. Na nilijifunza kwamba nimesomesha watoto nchi yangu kwa picha za vitabuni mpaka nikastaafu, bila ya kwenda kuitazama.

Kwa hivyo Ijumaa iliyofuata, Dada aliponipigia niende nikakae na wajukuu zake, nilimwambia leo siwezi. Akauliza nna nini. Nikasema sina kitu, nna safari. Nikaendesha gari hadi ndani huko, upande wa Ibri, penye makaburi ya kale ya Al Ayn, yale yaliyojengwa kwa mawe matupu kama mizinga ya nyuki, yamejipanga juu ya tuta chini ya Jabal Misht. Nilipanda taratibu. Hapakuwa na mtu. Nilikaa juu ya jiwe, bado nimechoka, mgongo bado unauma, nikayatazama moja baada ya moja, na hakuna aliyekuwa akinisubiri popote.